Mtego wa mafuta katika majiko ya biashara: unachofanya na usichofanya

Hoteli nyingi za Nairobi hukumbuka kwamba zina mtego wa mafuta siku ile maji ya kuoshea vyombo yanapokataa kwenda. Fundi wa mabomba huitwa, husukuma waya wake ndani ya bomba, maji huteremka, malipo hufanywa, na baada ya wiki chache shughuli hiyo hiyo hurudiwa. Mwenye hoteli humlaumu fundi, fundi huwalaumu waosha vyombo, na mwenye nyumba humlaumu mpangaji. Ugomvi huo hauishi kwa sababu wote wanaamini jambo moja lisilo la kweli, yaani kwamba mtego ni mtambo unaoyaondoa mafuta kwenye maji na kuyamaliza. Mtego haumalizi mafuta. Huyazuia na kuyaweka tu hadi mtu aje kuyatoa, na karibu kila swali linalohusu utunzaji wake, kuanzia maji moto na sabuni hadi vile vimiminika vya bakteria vinavyouzwa kwa ahadi kubwa, hupata jibu pale jambo hilo linapoeleweka.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mafuta ya kupikia yana uzito wa takriban asilimia 90 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo yakipata utulivu hupanda juu. Aliyewahi kuacha sufuria ya supu ya mifupa usiku kucha na kuikuta asubuhi imefunikwa kwa utando mweupe amekwisha kuona kazi ya mtego. Kinachoongezwa na fundi ni sanduku la chuma, la plastiki ngumu au la zege, lenye kuta za ndani zinazoyapunguzia maji mwendo. Maji machafu huingia upande mmoja yakiwa na mafuta, chembe za chakula na sabuni. Yakifika ndani hupoa na kutulia. Mafuta huelea, mashapo ya ugali, wali na unga wa chapati huzama, na maji ya katikati, ambayo yana uchafu mdogo kuliko mengine, hupita chini ya ukuta wa mwisho na kutoka kwa bomba la umbo la T ambalo mdomo wake umezamishwa ili usivute utando wa juu.

Mtego basi hutegemea muda na utulivu, na chochote kinachoupunguzia kimojawapo huudhoofisha. Mitego mikubwa inayofukiwa nje ya jengo kwa kawaida hukadiriwa ili maji yakae ndani kwa takriban dakika 30. Tuchukue sinki la vyumba vitatu, kila kimoja kikiwa na urefu na upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 30. Kila chumba huchukua lita 60 na ushei, na vyote vitatu lita 182. Wakadiriaji huhesabu asilimia 75 ya kiasi hicho, kwa kuwa vyombo navyo hukalia nafasi, na kupata lita 137. Zikitoka kwa dakika mbili, mwendo wake ni kama lita 68 kwa dakika. Ili maji hayo yapate dakika 30 za utulivu, mtego unahitaji ujazo wa lita 2,000 hivi. Sanduku dogo linalokaa chini ya sinki haliwezi kutoa muda huo, na ndiyo maana huja na kidhibiti cha mwendo, kipande chenye tundu jembamba kinachofungwa kwenye bomba la kuingilia. Kuna mafundi wanaokitoa kwa sababu mteja amelalamika kwamba maji yanakwenda polepole. Kikishatolewa, kinachobaki ni sanduku la kupitishia maji, na mwenye hoteli huendelea kuamini kwamba ana mtego.

Hapa Nairobi kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya wenye mifereji isiyokatika havilitaji. Kwa sababu ya mgao wa maji, vyombo katika hoteli nyingi huoshwa kwa karai na ndoo, kisha maji yote humwagwa kwa pamoja. Karai la lita 20 likimwagwa kwa sekunde tano, maji huingia mtegoni kwa mwendo wa lita 240 kwa dakika, zaidi ya mara tatu ya ule tuliokadiria. Mafuta yaliyokuwa yametulia hutibuliwa na mengine husukumwa moja kwa moja hadi kwenye bomba la nje. Kumwaga polepole, au kumwaga ndani ya sinki lenye chujio badala ya kwenye tundu la sakafuni, husaidia kuliko dawa yoyote inayonunuliwa dukani.

Swali linalofuata ni la kila mtu: mtego usafishwe baada ya muda gani? Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni ya robo. Utando wa juu na mashapo ya chini hupimwa na kujumlishwa, na jumla hiyo ikifika asilimia 25 ya kina cha maji, mtego umejaa. Kama maji yana kina cha sentimita 80, utando wa sentimita 14 na mashapo ya sentimita 6 hufanya sentimita 20, na hapo kazi ya kunyonya haipaswi kungoja. Wengi hushangaa wakisikia kwamba mtego wenye nafasi ya robo tatu unaitwa umejaa. Sababu ni kwamba nafasi inayohesabiwa ni ya maji, na kila sentimita inayochukuliwa na mafuta au mashapo huyabana maji katika njia nyembamba zaidi, ambamo hulazimika kwenda kwa kasi zaidi na kukaa kwa muda mfupi zaidi. Kasi hiyo huyainua mashapo na kuumega utando kwa chini. Tangu hapo mafuta yanayoingia huanza kutoka, ingawa jikoni hakuna dalili yoyote kwani maji bado yanateremka vizuri. Kuziba huja baadaye sana, mara nyingi mita kadhaa nje ya mtego, mahali ambapo hakuna anayelihusisha na jikoni.

Mapatano ya usafishaji, hata hivyo, huandikwa kwa kalenda: kila mwezi, au kila miezi mitatu. Kalenda haijui kinachopikwa. Mahali pa nyama choma panaweza kudhaniwa kuwa ndipo penye mafuta mengi kupita kote, lakini nyama inayochomwa hudondoshea mafuta yake kwenye makaa. Kinachoujaza mtego ni sufuria za supu, sinia za kukatia nyama na vyombo vya matumbo. Hoteli ya chipsi na kuku katikati ya jiji hupeleka mtegoni mafuta ya vikaangio na vipande vya viazi. Hoteli ya Eastleigh inayopika wali wa nyama kwa masufuria makubwa hupeleka shahamu pamoja na wanga, na mashapo yake huweza kuinuka upesi kuliko utando. Hata jiko lilelile hubadilika: Desemba na Ramadhani zina mapishi tofauti na Februari. Sanduku la chini ya sinki katika jiko lenye shughuli huenda likahitaji kusafishwa kila wiki, au mara nyingi zaidi, ilhali tangi la nje likamudu majuma kadhaa.

Njia ya kujua ni kupima. Mrija mgumu wa plastiki inayoonyesha ndani hushushwa wima hadi sakafuni mwa mtego, huzibwa na kuinuliwa, na matabaka matatu huonekana kama yalivyo. Asiye na mrija hutumia ufito wenye kibao kidogo cha kulala mwishoni: hupenyezwa hadi chini ya utando kisha huinuliwa taratibu, na mkono huhisi pale kibao kinapougusa utando kutoka chini, kisha ufito wa pili hushushwa kuyatafuta mashapo. Vipimo vya kila wiki kwa mwezi wa kwanza vinatosha kuonyesha mwendo wa jiko hilo. Matabaka yakiongezeka kwa sentimita 3 kila wiki katika mtego wetu wa sentimita 80, robo itafikiwa kabla ya wiki ya saba kuisha, na agizo la lori la kunyonya linapaswa kuwa la wiki ya sita. Nionavyo, daftari la vipimo hivyo lina thamani kuliko mkataba wowote wa miezi mitatu mitatu.

Sasa tuje kwenye maji moto, ambayo ndiyo dhana inayodhuru zaidi kwa sababu huonekana kufaulu. Bomba likianza kusuasua, mtu huchemsha sufuria ya maji, huongeza sabuni nyingi na kumimina. Maji huteremka. Kilichotokea ni kwamba joto limeyayeyusha mafuta na sabuni imeyavunja kuwa matone madogo mno yanayochanganyika na maji, na matone hayo hayawezi kuelea kwa wakati. Hupita chini ya kuta zote na kutoka. Mafuta yaliyokuwa mahali ambapo yangeweza kuchotwa sasa yamo njiani. Mafuta mgando ya mawese hushikana yakipoa chini ya nyuzijoto 35 hivi, na shahamu ya ng'ombe hushikana mapema zaidi, ikiwa bado kwenye nyuzi 40 na kitu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hukaribia nyuzi 12. Bomba lililofukiwa ardhini halina joto la kuyafanya mafuta hayo yaendelee kuwa maji, hivyo huganda ukutani, tabaka juu ya tabaka. Kwa sababu hiyo hiyo, mashine ya kuoshea vyombo inayotoa maji ya nyuzi 60 au zaidi haifai kuunganishwa na mtego mdogo.

Kuganda huko si kwa baridi pekee. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi na kukaa ndani ya maji machafu hutoa asidi zake, ambazo hukutana na kalisi, hasa ile inayotoka kwenye mabomba ya zege yanayolika, na kutengeneza aina ya sabuni ngumu isiyoyeyuka majini. Mwaka 2017 wafanyakazi wa maji taka wa London walikuta chini ya barabara ya Whitechapel bonge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130, likiwa limeshikana na vitambaa vya kujipangusia vilivyotupwa vyooni, na kulivunja kulichukua wiki kadhaa. Mabomba ya Nairobi hayahitaji bonge la ukubwa huo ili yazibe. Bomba la inchi sita linalohudumia safu ya hoteli huzibwa na kiasi kidogo sana.

Kostiki soda hufanya kazi inayofanana. Huyageuza mafuta kuwa sabuni, huyasukuma mbele, na ikikutana na chuma cha alumini au ngozi ya mtu hudhuru vibaya. Bakteria na vimeng'enya vinahitaji maelezo ya uangalifu zaidi, kwa kuwa si uongo mtupu. Vimeng'enya huyakata mafuta kuwa gliserini na asidi za mafuta, lakini havizili asidi hizo, na zikifika kwenye bomba la zege ndizo zile zinazoungana na kalisi. Bakteria hai wanaweza kuyala mafuta kikweli, ila wanahitaji saa nyingi, joto la wastani na mahali pa kukaa. Jiko linalomimina maji moto mchana na dawa ya klorini usiku huwaua kabla hawajaanza. Wanaweza kupunguza harufu na kulainisha utando. Hawawezi kuliondolea jiko haja ya kunyonya na kukwangua, na muuzaji anayesema wanaweza anapaswa kuombwa apime robo mbele ya mteja baada ya mwezi mmoja.

Usafishaji wenyewe huharibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchota utando wa juu na kuyaacha mashapo, jambo linalofanywa na watu wa jikoni wenyewe na hata na baadhi ya wenye malori, kwa sababu juu ndiko kunakoonekana. Mtego unapaswa kutolewa vyote, maji, mafuta na mashapo, kisha kuta zikwanguliwe, na kuta za ndani na bomba la T zikaguliwe, kwani bomba la kutolea likivunjika au likichomoka utando wote una njia wazi. Katika mitego ya zege ni vyema pia kuangalia kama zege linabonyea au chuma chake kimeanza kuonekana. Ya pili ni kuufunga mtego ukiwa mtupu. Mtego mtupu hauna maji ya kuubeba utando wala ya kuizamisha midomo ya mabomba, kwa hiyo karai la kwanza la asubuhi hupita na mafuta yake yote, na harufu ya bomba la nje hupata njia ya kurudi jikoni. Ni lazima ujazwe maji safi kabla ya kufunikwa, na panapokuwa na mgao maji hayo yatengwe mapema, kabla lori halijafika.

Harufu ya mayai yaliyooza inayotoka mtegoni ni ya haidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa pale mabaki ya chakula yanapooza bila oksijeni. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, na ikizidi kiwango fulani huipumbaza pua, mtu akadhani imetoweka ilhali imeongezeka. Hakuna anayepaswa kuingia ndani ya tangi la mafuta kwa ngazi na ndoo, wala kuinama na kichwa ndani ili kukwangua. Kazi hiyo hufanywa kutoka juu kwa vifaa virefu, au na kampuni yenye kipima gesi, hewa ya kupuliza, kamba na mtu wa kusubiri nje. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 dhima ni ya mwajiri, na kijana wa kibarua aliyeitwa kwa siku moja naye ni mfanyakazi. Zaidi ya watu, gesi hiyo hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuriki juu ya kuta zenye unyevu, na ndiyo inayolila zege lililotajwa hapo juu.

Mafuta yakitoka mtegoni huwa yamehama tu, na hapa ndipo sheria inapoingia. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ziliweka viwango vya mafuta katika maji yanayoingizwa kwenye mabomba ya umma: miligramu 10 kwa lita pale yanapoishia kwenye mtambo wa kawaida, na miligramu 5 pale usafishaji wa mwisho unapofanywa kwa mabwawa. Tofauti hiyo ina maana kwa Nairobi. Sehemu kubwa ya maji taka ya jiji huishia kwenye mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai, ambamo mwani huhitaji mwanga wa jua na maji huhitaji oksijeni kutoka hewani. Utando wa mafuta huzuia vyote viwili. Viwango hivyo vilikuwa vikali mno. Maji ya jikoni yasiyopitishwa mtegoni hubeba mafuta ya mamia ya miligramu kwa lita, na miji mingi ya Marekani huridhika na 100. Mtego wa kuelesha, hata ukitunzwa vizuri, hauyashiki mafuta yaliyokwisha kuchanganywa na sabuni, kwa hiyo jiko kubwa huenda likahitaji hatua nyingine baada yake. Kwa hoteli ya kawaida maana yake ni nyepesi zaidi: hakuna nafasi ya kuuacha mtego uzembee, kwa kuwa hata ukifanya kazi vyema bado unaweza kuvuka mpaka huo.

Lori la kunyonya maji taka nalo linahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ya kusafirisha taka, na safari ya taka inapaswa kuwa na hati ya kuifuatilia hadi mahali palipoidhinishwa pa kumwagia. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, swali la busara ni kwamba taka hiyo inakwenda wapi, maana shimo la maji taka lililo karibu, au mtaro wa mvua, haulipishi chochote. Mitaro ya mvua ya Nairobi haipiti kwenye mtambo wowote. Inayomwagwa humo hufika Mto Nairobi na vijito vyake, na kuendelea hadi Athi. Ndiyo sababu pia maji ya paa na ya uani hayapaswi kuelekezwa mtegoni: mvua moja ya Aprili hutosha kuutapisha mtego wote.

Majengo ya Kilimani na Lavington yaliyokuwa nyumba za kuishi na kugeuzwa hoteli yana hali yake, kwani baadhi yao hutegemea tangi la septiki au biodaijesta na shimo la kufyonza. Huko mafuta yakipita mtegoni hayamzibii jirani. Huziba udongo wa shimo hilo, ambao hauzibuliwi kwa waya. Mtego katika majengo hayo lazima uwe kwenye mkondo wa jikoni pekee, kabla haujaungana na wa vyooni.

Mzigo wa mtego hupunguzwa kwanza kwenye meza ya kuoshea. Sahani zikwanguliwe ndani ya ndoo ya makombo, sufuria zipanguswe kwa karatasi zikiwa bado na joto, ukoko wa ugali utupwe na takataka za chakula, na kila sinki liwe na chujio. Mafuta ya kikaangio yaliyochakaa hayana haki ya kufika kwenye sinki hata kidogo. Yakiwekwa kwenye jerikeni yake yana wanunuzi wanaoyapeleka kutengeneza dizeli ya mimea, ingawa muuzaji anapaswa kumjua mnunuzi wake, kwa sababu mafuta hayo hayo yanaweza kurudi kwenye kikaangio cha mtu mwingine. Mafuta ya mtegoni, yaliyochanganyika na maji taka, hayafai kwa chakula cha binadamu wala cha nguruwe.

Limebaki suala la majengo ya biashara ambamo hoteli saba au nane huelekeza masinki yao kwenye mtego mmoja mkubwa. Kila mpangaji hudhani mtego ni wa mwenye jengo, na mwenye jengo huwatoza wote ada sawa, hivyo muuza juisi hulipia shahamu ya muuza kuku na muuza kuku hana sababu ya kupangusa sufuria. Utaratibu unaofaa zaidi ni kila jiko kuwa na sanduku lake dogo kabla ya mtego wa pamoja, kila sanduku likikaguliwa na msimamizi wa jengo kwa siku inayojulikana, na gharama ya mtego mkubwa kugawanywa kulingana na aina ya mapishi. Mkataba wa pango utaje nani anapima, nani anaita lori, nani anatunza hati za taka na nani ana ufunguo wa kifuniko. Afisa wa afya ya umma akifika akataka kuona daftari, msimamizi hatalazimika kuanza kuwapigia simu wapangaji wote.